Give up sio "kata tamaa" kila mahali: mwongozo kamili wa kuielewa na kuitafsiri

Nimeandika huu mwongozo kwa sababu kosa ni lile lile kila muhula, nasahihisha madaftari ya darasa la jioni na kila nikiona "give up" najua kabisa chini yake nitakuta nini. Wiki iliyopita kijana mmoja makini sana kaniletea daftari, mwandiko umenyooka, kichwa cha habari kapigia mstari kwa rula, habari yenyewe ni ya Rosa Parks, yule mama mweusi wa Marekani wa kwenye basi, kaandika: "Rosa Parks alikataa kukata tamaa siti yake." Nikamwambia isome kwa sauti. Akasoma, akanyamaza, akairudia taratibu, halafu akasema mwalimu hii sentensi haijakaa sawa ila sijui imeharibikia wapi.

Leo tunatafuta imeharibikia wapi. Na sio yeye tu, nakutana na kosa hili kwenye habari zilizotafsiriwa haraka haraka, kwenye maandishi ya chini ya filamu, hadi kwenye mahubiri.

Shuleni hivi vitenzi tunaviita "phrasal verbs", mimi napenda kuviita vitenzi vyenye mkia, yaani kitenzi kifupi kama give kimefungiwa kaneno kama up na maana ikahama. Kama vinakutesa usijione mjinga hata kidogo. Samuel Johnson aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza London mwaka 1755 aliandika kwenye utangulizi wake kwamba hapa ndipo wageni wanapata shida kubwa kuliko zote. Tutashika kimoja tu, give up, mpaka kiishe.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Daftari moja, kalamu, na penseli za rangi mbili tofauti.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanaojifunza lugha, ya Cambridge au Oxford, zote zinapatikana bure mtandaoni. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili ya TUKI iwe pembeni, utaihitaji mwishoni sio mwanzoni.
- Biblia mbili, King James ya Kiingereza na ya Kiswahili ile ya Union. Hata kama wewe sio Mkristo zitafute, kwa sababu mistari ina namba zile zile lugha zote mbili, unaweka kidole huku na kidole kule unaona mfasiri alifanya nini. Ni vigumu kupata kitu kingine cha bure cha namna hiyo.
- Bando kidogo la kutafutia sentensi kwenye habari.
- Masaa mawili ya siku ya kwanza, halafu dakika kumi na tano kila siku kwa wiki moja.

Hatua ya 1: Kusanya sentensi nzima, sio neno

Tafuta sentensi 12 zenye give up, gave up, giving up au given up. Chukua kwenye habari, kwenye vitabu vya historia, kwenye mahojiano ya wachezaji. Ziandike nzima, kuanzia herufi kubwa mpaka nukta, na juu ya kila moja andika kwa maneno machache habari inahusu nini: basi, polisi, mpira, mfalme, hospitali.

Sababu ni kwamba give up peke yake haina maana ya kutosha kutafsirika. Maana inakaa kwenye vitu vilivyoizunguka. Ukiliandika neno peke yake halafu mbele yake "kata tamaa", umeshafunga mlango, kila utakapokutana nalo mkono utaandika kata tamaa wenyewe.

Tahadhari: usianze na programu ya kutafsiri ya kwenye simu. Siku hizi inapatia mara nyingi, lakini ikikosea haikuambii imekosea, na wewe unakuwa bado huna jicho la kuliona kosa.

Utajua umefanikiwa ukiwa na sentensi 12 ambazo angalau sita hazimhusu mtu mwenye huzuni. Zote zikiwa za mtu kukata tamaa ujue umetafuta sehemu moja, rudi utafute tena.

Hatua ya 2: Pigia mstari kinachoachiwa, zungushia duara anayepokea

Hii ndio hatua inayookoa watu wengi kuliko zote. Chukua penseli ya kwanza, pigia mstari kitu kinachotoka mkononi. Chukua ya pili, zungushia duara mtu au kitu kinachopokea kama kipo. Kisha jiulize maswali mawili tu: nini kinaachiwa, na kinaenda kwa nani?

Mfano, "He gave up smoking." Kinachoachiwa ni sigara, hakuna anayepokea. Mfano mwingine, "She gave up her seat to an old man." Kinachoachiwa ni siti, anayepokea ni mzee. Mwingine, "I give up." Hakuna mstari wala duara, sentensi iko tupu, na hii tupu ndio kwa kawaida inaenda kwenye kukata tamaa au kusalimu amri.

Umeona? Ile maana ambayo watu wanaimwaga kila mahali kwao kwenyewe ni pale ambapo hakuna kitu kilichopigiwa mstari. Kuna mbili zinazofanana nayo, "give up hope" ambayo tumaini lenyewe limetajwa, na "give up on" ambayo nitaifikia.

Sasa angalia huu mtego, ndio ninaoupenda kufundisha kuliko yote. "He gave up drink." Na hii, "He gave himself up to drink." Kwa haraka zinafanana. Piga mstari. Ya kwanza kinachoachiwa ni pombe, jamaa kaacha pombe. Ya pili kinachoachiwa ni yeye mwenyewe na anayepokea ni pombe, yaani kajitosa kwenye pombe mazima, kajikabidhi. Ndugu zake wa sentensi ya kwanza wanashukuru Mungu, wa sentensi ya pili wanalia. Ukikosea hapo umegeuza maisha ya mtu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumweleza mtu mwingine kila sentensi kwa kusema "fulani anaachia kitu fulani kwa fulani" bila kutaja neno la Kiswahili la mwisho.

Hatua ya 3: Rudi kwenye maana ya zamani, kukabidhi

Kawaida kwenye miongozo yangu historia naruka, ila hapa historia ni spana ya kazi, bila hiyo hatua ya nne haitafunguka.

Zamani give up ilibeba zaidi maana ya kukabidhi, kutoa kitu ulichokishika ukampa mwenye nguvu au mwenye haki nacho. Fungua Marko 15:37. Kiingereza cha King James, yaani cha 1611, kinasema Yesu alilia kwa sauti kuu, "and gave up the ghost". Union wanasema "akakata roho". Sasa fungua Yohana 19:30. Kiingereza ni kile kile, "gave up the ghost", lakini Kiswahili kimebadilika, kinasema "akaisalimu roho yake".

Simama hapo kwanza. Kwanini Kiingereza kina maneno yale yale na Kiswahili kina mawili? Kwa sababu Kiyunani chenyewe ni tofauti, Marko anasema alitoa pumzi ya mwisho, Yohana anasema aliikabidhi roho. Waingereza wa 1611 waliona give up inatosha kote kote, waliotuletea Kiswahili wakatenganisha. Na angalia neno walilochagua kwa Yohana, kusalimu, ndio lile lile la kusalimu amri. Kukabidhi na kushindwa vita vimekaa kwenye neno moja kwetu pia, kumbe hatuko mbali na Kiingereza kama tunavyodhani.

Tahadhari ndogo: ghost hapo sio mzimu wala mzuka. Kwa Kiingereza cha zamani ghost ni roho, kama kwenye "Holy Ghost". Nimeshaona mtu kaandika "akautoa mzimu", tafadhali sana. Siku hizi wanaitumia zaidi kwa mashine, "the engine gave up the ghost", injini imekufa, na wengi tunasema pia imekata roho.

Endelea na Ufunuo 20:13, "the sea gave up the dead which were in it". Kiswahili: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake". Jaribu kuweka kata tamaa hapo uone. Halafu Warumi 1:24, Mungu "gave them up", kwetu ni "aliwaacha". Hakukata tamaa, aliwaachia wafuate walichotaka.

Vita navyo vilikuwa na yao. Kamanda wa mji uliozingirwa akishindwa alikuwa "gives up the town", anamkabidhi adui mji. Darasani naielezea hivi, ukishampa mtu mji maana yake umeacha kupigana, na ukiliondoa neno mji kinabaki "give up", nimeacha kupambana. Wanafunzi wanashangaa sana mpaka niwakumbushe vitendawili vya kwa bibi. Kitendawili! Tega! Mnahangaika weee mnashindwa, mtegaji anasema nipeni mji. Mnampa Tanga, mnampa Mombasa, hataki, mnampa Bagamoyo anakubali, ndipo anatoa jibu. Hiyo ni "we give up" ya asili kabisa, kushindwa ni kutoa mji. Tangu niligundue hilo sijawahi tena kupata shida ya kuifundisha hii hatua, mtoto aliyekulia kwenye vitendawili anaielewa palepale.

Utajua umefanikiwa ukirudi kwenye sentensi zako 12 na kwenye kila moja ukaona mkono unaofunguka na kitu kinatoka.

Hatua ya 4: Chagua neno la Kiswahili kwa kuangalia kinachoachiwa

Sasa ndio unafungua Kiswahili. Kiingereza kinatumia maneno mawili yale yale, sisi tuna neno kwa kila tukio, na huu ni utajiri wetu, usiutupe kwa kulazimisha neno moja.

Siti. Hapa ni kupisha. Kila siku kwenye daladala unasikia "mpishe mama hapo akae". Tarehe 1 Desemba 1955, Montgomery, Alabama, dereva wa basi aliwataka abiria wanne weusi wainuke ili mzungu akae, watatu wakainuka, Rosa Parks akabaki. "She refused to give up her seat." Rosa Parks alikataa kupisha siti. Basi, imeisha, na kila mtu aliyewahi kupanda basi ameielewa mpaka kwenye mifupa. Watu weusi wa mji ule waligomea mabasi siku 381 baada ya hapo.

Cheo. Desemba 1936 mfalme Edward VIII wa Uingereza "gave up the throne" ili amuoe Wallis Simpson. Kwetu unaweza kusema alikiachia kiti cha enzi. Kwa viongozi wengine tuna kujiuzulu, tuna kuachia ngazi ambayo ni ya magazeti zaidi, na tuna kung'atuka, neno la Kizanaki alilolifanya Mwalimu Nyerere lijulikane nchi nzima alipoondoka urais mwaka 1985. Kung'atuka kuna heshima ndani yake, mtu anaondoka mwenyewe bila kusukumwa, kwa hiyo usimpe kila mtu. Soma kwanza habari nzima ujue aliondoka vipi.

Tabia na mazoea. Kuacha. Kaacha sigara, kaacha kazi, kaacha kucheza. Ila kama ni kwa ajili ya mfungo, "What did you give up for Lent?", hapo ni kujinyima, umejinyima nini Kwaresima hii, kwa sababu mtu anaachia kitu anachokipenda na Pasaka atakirudia.

Polisi. "The suspect gave himself up" ni alijisalimisha, lile lile la kusalimu tena. "He gave up his friends" kwenye kesi ni aliwataja wenzake, na kama mwandishi amekasirika nao unaweza kusema aliwachoma.

Mpira. Watangazaji wa Marekani wanasema timu "gave up two goals", maana yake imeruhusu magoli mawili. Timu haijakata tamaa, inawezekana hata imeshinda tatu mbili.

Mtoto. "She gave up her baby for adoption." Tulia hapa. Andika alimtoa mtoto wake aasiliwe. Usiandike alimtupa, usiandike alimkana, wala usiandike alimkatia tamaa. Mama aliyefanya uamuzi huo huenda alilia miezi, na wewe kwa neno moja umemgeuza katili.

Mtu. "Don't give up on me." Hapa kuna "on", na hii "on" Kiswahili tunaibeba ndani ya kitenzi: kukata inakuwa kukatia. Usinikatie tamaa. Hii ndio sehemu ambayo kata tamaa inakaa vizuri sana. Wenzetu Kenya wanapenda kusema kufa moyo, usife moyo, nayo ni tamu, ila inaendana zaidi na "don't give up" ile tupu kuliko hii yenye "on".

Muda na maisha. "She gave up her weekends to teach", alijitolea wikendi zake kufundisha. "He gave up his life for his country", aliyatoa maisha yake kwa ajili ya nchi. Kujitoa mhanga ilikuwa inafaa pia, lakini magazeti yameitumia sana kwa walipuaji wa mabomu, kwa hiyo iangalie kabla hujaiweka kwenye habari ya shujaa.

Ardhi na nchi. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu inaniuma. Vitabu vya historia vya Kiingereza vinapenda kusema nchi fulani "gave up" eneo fulani. Kwenye mkataba wa Julai 1890 Ujerumani "gave up" Witu, kule pwani ya Kenya, na Uingereza ikaipa kisiwa cha Heligoland. Hizi ni dola mbili zinabadilishana vitu mezani, kwa hiyo andika Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, haina shida. Ingawa watu wa Witu wenyewe hakuna aliyewauliza.

Lakini ukikutana na sentensi inayosema machifu "gave up their land" kwa Karl Peters, Mjerumani aliyekuja kutafuta koloni, simama. Mwishoni mwa 1884 Peters alipita Usagara, Uzigua na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani, lugha ambayo hawakuisoma. Ukiandika "machifu walitoa ardhi yao" msomaji wako ataona watu wamegawa nchi kwa hiari. Bora uandike "machifu walitiwa kwenye mikataba iliyosema wameachia ardhi yao". Ni ndefu, najua, lakini ni kweli. Give up inaweza kumficha aliyeshika bunduki, na kazi ya mfasiri ni kutomficha mara ya pili.

Utajua umefanikiwa kama kwenye sentensi zako 12 umetumia maneno ya Kiswahili yasiyopungua matano tofauti, na kila sentensi ukiisoma kwa sauti mtu asiyejua Kiingereza hakuulizi "ina maana gani".

Hatua ya 5: Kiwakilishi kinakaa katikati

Hii ni kwa wanaoandika Kiingereza wenyewe. Unaweza kusema "give up smoking" na unaweza kusema "give smoking up". Lakini ukitumia it, them, him, lazima ikae katikati: "give it up", "give them up". Sio "give up it", kamwe.

Wanafunzi wanasahau hii sheria kila siku mpaka siku niliyoandika ubaoni ni-me-i-acha. Angalia ile i iko wapi? Katikati, imebanwa ndani ya kitenzi. "I gave it up", it nayo imebanwa katikati ya gave na up. Kwa hiyo ukishikwa na wasiwasi kumbuka nimeiacha, kile kitu kidogo kinakaa ndani.

Tahadhari: "give up on" haifuati hiyo. Ni "give up on him", him anakuja mwisho baada ya on. Na baada ya give up kitenzi kinachofuata kinabeba -ing, "give up trying", sio "give up to try".

Hatua ya 6: Itenganishe na ndugu zake

Ndugu anayechanganya watu zaidi ni "give in". Give up unaachia kitu. Give in unamwinamia mtu anayekusukuma, kwa Kiswahili cha mtaani unakubali yaishe. Mtoto kalilia pipi nusu saa, mama kachoka kampa, huyo mama "gave in".

Kuna maneno ya Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yanazunguka sana mtandaoni kama "never give up". Hakusema hivyo. Tarehe 29 Oktoba 1941, akiongea na wanafunzi wa shule ya Harrow aliyosoma, alisema "never give in", akairudia rudia, halafu akaweka kizuizi: isipokuwa kwa sababu ya heshima na akili timamu, "except to convictions of honour and good sense". Ile "to" ndio ushahidi, give in inamtaka anayeinamiwa, "give in to" mtu au kitu. Ukibadilisha ukaweka up, ile "except to" inakosa pa kukaa. Kwa hiyo Kiswahili chake sio msikate tamaa kamwe, ni msikubali kuinamishwa kamwe. Tofauti ni kubwa, hasa ukikumbuka mwaka wenyewe, London ilikuwa imetoka kupigwa mabomu miezi na miezi.

Na Rosa Parks mwenyewe alizitumia zote mbili kwenye maelezo yake ya miaka ya baadaye, ndio maana nampenda kwenye somo hili. Alisema watu husema hakupisha siti yake, "give up my seat", kwa sababu alikuwa amechoka mwili, na sio kweli, uchovu pekee aliokuwa nao ni wa "giving in". Jaribu kuitafsiri hiyo ukiwa na kata tamaa peke yake, utakwama mstari wa kwanza. Mimi naiweka hivi: sikukataa kupisha siti kwa sababu ya miguu kuuma, nilichochoka ni kukubali yaishe kila siku.

Wengine haraka haraka. "Give away" ni kugawa bure au kutoboa siri. "Give out" ni kugawia watu, au kitu kuisha nguvu, miguu imegoma. "Give over" zamani ilikuwa jirani sana wa give up, na mpaka leo watu wa kaskazini ya Uingereza wanasema "give over!" wakimaanisha hebu acha bwana.

Na huyu hapa ndiye anayeaibisha watu ukumbini: "give it up for". MC wa Kimarekani akisema "give it up for the bride!" hajamwambia mtu aache kitu. Anasema mpigieni makofi bibi harusi. Ni matumizi ya juzi juzi kule Marekani, na ukiliangalia kwa jicho la hatua ya tatu bado ni kukabidhi, mnamkabidhi shangwe zenu.

Hatua ya 7: Jipime

Funga kila kitu, andika tafsiri za hizi sita bila kuangalia popote, halafu ndio ushuke kwenye majibu. Piga mstari na duara kwanza, hata kama unaona rahisi.

A. "The thief gave up the keys."
B. "My family had given me up for dead."
C. "She gave up her job to look after her father."
D. "After two hours they gave up and went home."
E. "He never gave up on his students."
F. "The doctors had given him up."

Majibu yangu, na ya kwako yakitofautiana kidogo bila kuharibu maana ni sawa.

A. Mwizi alizikabidhi funguo. Ukisema alizitoa pia sawa.

B. Nyumbani walishanihesabu nimekufa. Nilishasoma jibu la mtu aliyeandika "walishanilia matanga", nikampa alama zote kwa sababu ndivyo tunavyosema.

C. Aliacha kazi ili amuuguze baba yake. Kumuuguza ni kama baba ni mgonjwa, kama ni mzee tu andika amtunze.

D. Baada ya masaa mawili wakakata tamaa wakarudi nyumbani. Ndiyo, hapa ni kata tamaa, sentensi iko tupu, hakuna cha kupigia mstari. Kama walikuwa wanatafuta kitu unaweza kuandika waliacha kutafuta.

E. Hakuwahi kuwakatia tamaa wanafunzi wake.

F. Hii nimeiweka mwisho kwa makusudi kwa sababu ni ya kizamani, utaikuta kwenye riwaya za karne ya 19, siku hizi wangesema "given up on him". Hakuna "on", hakuna anayepokea, na aliyepigiwa mstari ni mgonjwa. Wanafunzi wangu wanaandika "madaktari walimkabidhi", wanauliza kwa nani? Wengine wanaandika "walimwacha", inaonekana kama wametoka wodini wakamtelekeza. Ukikwama hivyo soma sentensi inayofuata kwenye kitabu, utakuta familia imeitwa, mchungaji amekuja, na mtu kakaa kando ya kitanda kashika mkono wa mgonjwa. Walishamkatia tamaa.